Timazi Haimharibii Fundi Jicho

Kila kijiwe chenye meza ya pool kina mtu mmoja mwenye neno la mwisho, na neno lenyewe nimelisikia Morogoro, Mwanza na Tanga kwa maana ileile: kulenga hakufundishwi. Ama una jicho, ama huna. Kijana akiuliza aupige mpira wapi ili uingie shimo la kona, anajibiwa, "Usihesabu, piga." Akikosa, anaambiwa hana jicho. Akipata, anaambiwa analo. Vyovyote iwavyo, hakuna alichojifunza, na shilingi 500 zake zimeshamezwa na meza.

Naipinga kauli hii, na naipinga kwa sababu inaumiza watu. Inamfanya anayeanza aamini kwamba kukosa kwake ni umbile lake. Inampa anayejua heshima asiyoihitaji, kama vile alizaliwa na fimbo mkononi. Na juu ya hayo, ni uongo unaoweza kupimwa kwa rula.

Tuanze na jicho lenyewe, maana ndilo linalotetewa. Chukua pigo la kawaida kabisa. Mpira unaolengwa uko nusu mita kutoka shimo la kona, na mpira mweupe umekaa mbali kiasi, upande ambao unalazimu kuukata ule mwingine kwa nyuzi 30. Kijana anatazama shimo, anatazama mpira, na anaiona ile nukta ya nyuma ambayo ikiguswa, mpira utaelekea shimoni. Ameiona sawasawa. Kisha anafanya ambalo kila mwenye macho angelifanya: anaelekeza kitovu cha mpira mweupe kwenye nukta ile. Fimbo inakwenda imenyooka. Mpira unapita mbali na shimo kwa karibu sentimita 14.

Mkono haukutetereka, na nukta aliiona. Kilichomponza ni kwamba mpira mweupe nao una unene. Kitovu chake kikielekezwa kwenye ile nukta, ubavu wake unawahi kuugusa mpira wa pili mahali pengine, karibu zaidi na katikati, na badala ya kuukata kwa nyuzi 30 unaukata kwa nyuzi 14 na nusu hivi. Mahali pa kuelekeza fimbo hapako juu ya mpira unaolengwa. Pako nyuma yake, kwenye mstari unaotoka shimoni na kupita katikati ya mpira huo, umbali wa kipenyo kimoja cha mpira kutoka kitovu hadi kitovu. Kwa ile mipira mikubwa ya Kimarekani kipenyo hicho ni milimita 57. Hapo ndipo mpira mweupe utakapokuwa umesimama, kwa kufikirika, pale mipira miwili inapogusana. Mimi nauita mpira kivuli. Ukijua kuuona mpira ambao haupo, umeanza kujua kulenga.

Basi jicho lisilofundishwa linadanganya, tena kwa namna moja kila siku: linamfanya mtu akate nene, yaani augonge mpira karibu mno na katikati. Yeyote anayebisha na akae kando ya meza ya wanaojifunza kwa saa moja, ahesabu mipira inayokosa upande wa nene na ile inayokosa upande wa nyembamba. Kama jicho lingekuwa ndilo mwalimu, wangekosa pande zote kwa kiasi kinachokaribiana.

Naulizwa: mbona fulani hakufundishwa na mtu na hakosi? Swali ni la haki, na jibu lake liko kwenye kanuni ambayo kila kijiwe kinaifuata bila kuiandika popote. Aliyeshinda anabaki. Aliyeshindwa anaondoka, na anayefuata anaweka sarafu yake ukingoni kushika zamu. Fikiria kanuni hiyo inafanya nini kwa mwezi mmoja. Anayejua kidogo kuliko wote anacheza mchezo mmoja kwa jioni, anaulipia, anakaa benchi hadi usiku. Anayejua zaidi anacheza kumi mfululizo kwa pesa za wenzake. Mwezi ukiisha, huyu amepiga mapigo elfu kadhaa, na yule hajafika mia mbili. Kisha tunawasimamisha pamoja na kusema mmoja amejaliwa. Tumempa mtu mmoja meza, tukawanyima kumi, halafu tofauti iliyotokea tukamsingizia Mungu.

Efren Reyes wa Ufilipino, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mchezaji mkubwa kuliko wote waliowahi kushika fimbo, hutolewa mfano wa kipaji kitupu. Habari zake zinajulikana. Alipelekwa Manila akiwa mtoto wa miaka mitano, akalelewa na mjomba aliyekuwa na ukumbi wa mchezo huu. Alikuwa mfupi kuifikia meza, akapanda juu ya makreti ya soda na kuyasogeza kila alipotaka kupiga kutoka upande mwingine. Usiku alilala juu ya meza hiyohiyo. Alipotwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa mwaka 1999 alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, walisema wazee, na huyu alivukuta na kusana. Sina haja ya kumpunguzia kipaji chake. Nasema tu kwamba meza ilikuwa kitanda chake, na anayetaka kumtumia kama ushahidi kwamba mafunzo hayana kazi ameanza hadithi katikati.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi, nami nitaipa uzito wake. Wanasema mabingwa hawahesabu. Ukimuuliza anayejua ametumia kipimo gani, anakwambia hakutumia chochote, ameona tu. Naamini anasema kweli kuhusu anavyojisikia. Lakini msikilize mtoto wa miaka minne wa Tanga au Mombasa. Anasema "kikombe kimevunjika" na "sahani zimevunjika", hachanganyi hata mara moja, na hajawahi kusikia neno ngeli. Je, kwa kuwa hazijui, ngeli hazipo? Na mgeni aliyekuja ukubwani kujifunza Kiswahili, tumwambie "Usihesabu, sema tu"? Huyo tunampa ngeli zake, anazikariri, anasitasita mwaka wa kwanza, na baada ya muda anaongea bila kuzikumbuka. Anayecheza kwa hisia ana kanuni ndani yake, ila zimeingia kwa njia ndefu na hawezi kuzitoa kumpa mwingine. Hilo halimfanyi mchezaji mbaya. Linamfanya asiwe mtu wa kutoa hukumu kuhusu kinachofundishika.

Wapo wanaosema hata zaidi, kwamba kipimo kinaharibu jicho, kwamba kijana akizoeshwa kutafuta mpira kivuli atabaki mtumwa wake. Kwao nina neno moja: timazi. Fundi mwashi aliyejenga kwa miaka 30 anaweza kuutazama ukuta na kukwambia umelala. Bado timazi iko mfukoni mwake, na kijana anayembebea zege anashikishwa timazi tangu siku ya kwanza. Hatujasikia fundi aliyeharibikiwa jicho kwa kutumia kamba na kipande cha chuma. Lile jicho lake limetoka wapi, kama si kwa kutazama ukuta, kuupima, kujua amekosea kwa kiasi gani, na kuutazama tena?

Hapo kwenye kujua umekosea kwa kiasi gani ndipo penye ugomvi wangu wote na watu wa "piga tu".

Mpira ukikosa shimo, kuna mambo mawili yanayoweza kuwa yametokea. Huenda ulielekeza fimbo mahali pasipo. Au ulielekeza mahali sahihi, na mkono ukaipeleka fimbo kwingine. Dawa zake ni mbili tofauti kabisa. Kosa la kwanza linatibiwa kwa kubadili unapolenga. La pili linatibiwa kwa kusimama vizuri, kiwiko kutulia, kidevu kushuka karibu na fimbo, na kutoinuka kabla ya pigo kuisha. Asiyekuwa na kipimo chochote hawezi kuyatenganisha. Anaona tu mpira umekosa. Mkono ukiwa umempotosha kulia, anarekebisha jicho kushoto, na sasa ana makosa mawili yanayofutana kwa leo na kuumbuana kesho. Wachezaji wengi wa vijiweni wamejenga mchezo wao wote juu ya makosa mawili ya aina hiyo. Ndiyo maana ni wakali kwenye meza moja, na wakihamia meza ya mtaa wa pili hawajitambui.

Na mkono si jambo dogo. Mpira mweupe ukiwa mita moja kutoka kwa mwingine, ukipotoka kwa nyuzi moja tu, mpira unaopigwa utapotoka kwa nyuzi 17 hivi. Hii ni jiometri ya mipira miwili ya milimita 57, mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuikokotoa. Kwa hiyo sidai kwamba kujua pa kulenga kunatosha. Nadai kwamba bila kujua pa kulenga huwezi hata kugundua kuwa tatizo lako ni mkono. Anayejua anasema, "Nililenga nusu, nikagusa robo tatu." Kukosa kwake kumemwambia kitu. Kukosa kwa mwenzake ni bubu.

Nimesema nusu na robo tatu, sasa nieleze, kwa sababu wanaosema mambo haya ni hesabu za chuo kikuu hawajawahi kuelezwa kwa dakika tano. Tazama saa ya ukutani. Mshale mfupi ukitoka saa sita, juu kabisa, hadi saa saba, umezunguka nyuzi 30. Sasa ilaze saa hiyo, kwa mawazo, juu ya mpira unaolengwa, saa sita ikitazama kule mpira mweupe unakoelekea. Shimo liko saa ngapi? Likiwa saa saba, elekeza kitovu cha mpira mweupe kwenye ukingo wa mpira, ukingo ulio mbali na shimo. Nusu ya mpira itaifunika nusu ya mwenzake, na mpira utakwenda nyuzi 30. Shimo likiwa saa sita na nusu, elekeza kati ya ukingo na kitovu. Hiyo ni robo tatu, na inatoa nyuzi 14 na nusu. Likiwa saa saba na nusu na dakika chache, toka nje ya ukingo kwa nusu ya nusu kipenyo. Hiyo ni robo, nyuzi 48 na ushee. Upande wa kushoto ni hivyohivyo, ukirudi nyuma kuelekea saa tano na saa nne. Vipimo vitatu pamoja na pigo la moja kwa moja ni ngazi nne, na mapigo mengi utakayokutana nayo jioni moja yanakaa juu ya ngazi hizo au katikati yake.

Kujifunza huko hakuhitaji meza, na hili ndilo linalonifanya niseme kwa sauti. Sarafu mbili za shilingi 200 juu ya meza ya kulia chakula zinatosha. Chora mstari hadi kona ya meza, laza sarafu moja juu yake, laza ya pili nyuma yake ziguse. Toa ya pili, weka alama kilipokuwa kitovu chake, rudi nyuma uitazame. Mwenye baa anayeamka na kucheza bure kwenye meza yake hana shida ya kipimo, atafika tu. Anayelipa kila anapogusa fimbo ndiye mwenye shida. Kumwambia huyo ajifunze kwa kukosa ni kumwambia alipie kila kosa, na kukosa mara elfu moja kuna bei yake.

Nilimfundisha mpwa wangu hivyo, jikoni kwa dada, kwa majuma matatu ya likizo. Wasichana hawashiki fimbo kwenye kijiwe chetu isipokuwa kwa utani, mtu amwelekeze mkono na wengine wacheke. Siku ya kwanza alipoinama mezani kwa dhati alikosa mipira mingi, maana mkono wake haukuwa umezoea fimbo. Lakini kila alipokosa alijisemea, "Nene. Nene tena. Hiyo nyembamba." Mzee mmoja anayeheshimika pale alimtazama kwa muda, kisha akauliza, "Binti, nani kakufundisha kuhesabu makosa?" Akajibu, "Mjomba." Mzee akaja kukaa karibu yangu, akataka kujua ile saa inalazwaje juu ya mpira. Amecheza tangu meza hizi zilipoingia mjini. Hakuna aliyewahi kumwambia kuhusu nusu, na aliitambua papo hapo, kwa kuwa mkono wake ulikuwa unaijua miaka yote hiyo.

Turudi kwa wapinzani, kwa sababu wana jiwe moja zito bado. Wanasema meza zetu si za kwenye vitabu. Kitambaa kimechanika, sakafu imelala, mipira imekatika vipande, na kwenye meza nyingi za sarafu mpira mweupe ni mdogo kuliko mingine ili mashine iutambue na kuurudisha. Kweli tupu. Nitawaongezea na nyingine ambayo hawaisemi. Mipira inapogusana inasuguana, na msuguano huo unauburuta kidogo mpira unaopigwa kufuata njia ya ule mweupe. Kwenye mapigo ya polepole ya nusu, mipira ikiwa imejaa chaki na soda, uburutaji huo unaweza kufika nyuzi 5 hivi. David Alciatore, mhandisi mitambo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, amelipima jambo hili kwa kamera za kasi na kuliandika kwa kina. Kwa hiyo mpira kivuli uliouweka kikamilifu utakosa, na itabidi ukate nyembamba kidogo kuliko kipimo kinavyosema.

Lakini rudia kusoma sentensi hiyo ya mwisho. Kidogo kuliko nini? Huwezi kurekebisha kitu ambacho hukuwa nacho. Anayejua nusu iko wapi akicheza kwenye meza mbovu atagundua baada ya mapigo matatu kwamba hapa nusu inatoka nene, atasogea milimita mbili, na mchezo utaendelea. Ubovu wa meza ni sababu ya kuwa na kipimo. Ukuta ukijengwa kwenye kiwanja kilicholala, ndiyo siku ya kusahau timazi nyumbani?

Wala elimu hii si ya jana. Mwaka 1835 Gaspard-Gustave de Coriolis, Mfaransa ambaye jina lake limebaki kwenye ile athari inayozipinda pepo za kusi na kaskazi zinapovuka bahari yetu, alichapisha kitabu kizima cha nadharia ya mipira ya biliadi. Karibu miaka 200 iliyopita mtu aliona mchezo huu unastahili akili yake yote.

Upande mwingine wapo watu ambao sitaki nihesabiwe pamoja nao. Ni wale wanaouza mifumo ya siri mtandaoni, wakiahidi kwamba ukijua kuzungusha macho na kiuno kwa namna yao, kila mpira utaingia bila kukadiria chochote. Marekani ugomvi juu ya mifumo hiyo umewala watu miaka mingi, hasa ule wa kulinganisha kitovu cha mpira mweupe na ukingo wa mwingine ambao Hal Houle aliueneza kwa bidii. Anayefaidika nao na afaidike. Lakini pembe za kukatia ni nyingi zisizo na mwisho, na mistari michache haiwezi kuzibeba zote bila mchezaji mwenyewe kusogeza kidogo hapa na pale kwa kuona. Anayekuficha sehemu hiyo anakuuzia hirizi. Na hirizi ni ndugu wa "kipaji": vyote viwili vinasema maarifa yako mahali usipoweza kufika mpaka ulipie au uzaliwe upya.

Na bado jicho lina kazi, kubwa mno, ila nayo inajengwa. Mwaka 2002 watafiti Williams, Singer na Frehlich walichapisha matokeo ya kuwachunguza wachezaji wa biliadi walivyotazama kabla ya kupiga. Waliobobea walituliza macho mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi kuliko wasiobobea, na mapigo yaliyoingia yalitanguliwa na utulivu mrefu kuliko yaliyokosa. Joan Vickers wa Calgary, aliyeanzisha utafiti wa utulivu huo, amewafundisha wanamichezo wa aina nyingi kuuzoea. Hilo ndilo jicho linalosifiwa vijiweni. Ni namna ya kutazama, na mtu hawezi kutuliza macho mahali pamoja kama hajui mahali penyewe ni wapi.

Najua kuna watakaosema mchezo wenyewe ni wa wahuni na haustahili hoja ndefu hivi. Wakuu wa wilaya na mikoa wamewahi kupiga marufuku meza hizi saa za kazi, na kuhusu saa za kazi sina ubishi nao. Lakini kijana anayeambiwa "huna jicho" akiwa na miaka 17 ameshaambiwa hana kichwa cha hesabu, hana sauti, hana mguu wa mpira. Angalau hapa tunaweza kumwonyesha kwa sarafu mbili kwamba aliyemwambia hivyo hakuwa amepima.

Ombi langu ni kwa wale wanaobaki mezani kutwa kwa sarafu za wenzao. Kijana akikosa, usimwambie apige tu. Umeona ulipogusa mpira wake, maana wewe unaona. Mwambie umegusa wapi.